JULES VERNE NA PUTO LA MRIMA

Fungueni ramani ya Tanzania. Tafuteni mji wa Bagamoyo, kaskazini ya Dar es Salaam, kisha wekeni kidole juu ya kisiwa cha Unguja. Kati ya sehemu hizo mbili pana bahari ya kilometa zipatazo 45. Sasa rudisheni kidole bara, mfuate barabara inayotoka Bagamoyo kwenda Msata. Mtavuka bonde la mto Ruvu, na baadaye mtafika Fukayosi. Nchi hii ya pwani, tangu bahari hadi mwanzo wa nyanda za juu, wazee waliiita Mrima.

Katika mwaka 1863 kilitokea kitabu huko Ufaransa kilichosimulia habari za watu watatu waliovuka bahari hiyo na kupita juu ya Mrima bila jahazi, bila punda na bila kutembea kwa miguu. Walipita angani, ndani ya kikapu kilichoning'inia chini ya puto kubwa. Safari hiyo haikutokea kamwe. Ilitungwa na mtu aliyekaa mezani mjini Paris, ambaye hakupata hata mara moja kuiona pwani yetu. Mtu huyo ni Jules Verne. Hakuwa mwanasayansi, lakini watoto wengi duniani waliipenda sayansi kwa sababu ya vitabu vyake. Tutasoma habari za maisha yake, na pamoja nazo tutajifunza jinsi puto linavyopaa na jinsi linavyoshuka.

Kwanza tulitazame neno lenyewe. Katika Kiswahili kitu hiki huitwa puto, na yakiwa mengi huitwa maputo. Msidhani kwamba mji wa Maputo, ulio mkuu katika Msumbiji, umepewa jina kwa sababu hiyo; mji ule umeitwa kwa jina la mto. Watu wengine husema baluni, neno lililotoka katika Kiingereza. Waingereza nao walilipata kutoka kwa Wafaransa na Waitaliano, ambao kwao maana yake ilikuwa mpira mkubwa. Hapo zamani, kabla mtu yeyote hajapaa angani, neno hilo lilitumika kwa mchezo wa kupiga mpira mkubwa wa ngozi uliojazwa pumzi, na tena kwa chupa ya mviringo waliyotumia wanakemia. Mwaka 1783 ndipo lilipopewa maana ya chombo cha kurukia. Wako pia Waswahili wasemao kibofu, kwa kuwa puto lililopulizwa hufanana sana na kibofu cha mnyama. Maputo madogo ya mpira, kama yale yanayofungwa milangoni siku za sherehe, yalitengenezwa kwanza mwaka 1824 na mwanasayansi Mwingereza, Michael Faraday. Hakuyatengeneza kwa ajili ya sherehe. Alihitaji mifuko ya kuwekea gesi katika majaribio yake.

Jules Verne alizaliwa tarehe 8 Februari 1828 katika mji wa Nantes, magharibi mwa Ufaransa. Mji huo uko kando ya mto Loire, na meli za tanga zilikuwa zikipanda mtoni kutoka baharini hadi mlangoni mwa nyumba za watu. Kijana Jules alikua akitazama milingoti, akinusa lami ya kuzibia mbao, na kusikia habari za nchi za mbali. Nantes ulifanana na Bagamoyo kwa jambo jingine lisilopendeza: wafanyabiashara wake wengi walitajirika kwa kusafirisha watumwa kutoka Afrika. Nyumba nzuri za mawe za kisiwa cha Feydeau, mahali alipozaliwa Verne, zilijengwa kwa fedha za biashara hiyo.

Baba yake alikuwa mwanasheria, na alitaka mwanawe mkubwa arithi kazi yake. Kwa hiyo mwaka 1848 Jules alikwenda Paris, akasoma sheria, akafaulu mitihani. Lakini moyo wake haukuwa katika sheria. Alipenda kutunga michezo ya kuigiza, akamwandikia baba yake kwamba hatarudi. Kwa miaka mingi aliishi kwa taabu. Alikuwa karani wa jumba la michezo, halafu mwaka 1857 alioa mjane mwenye binti wawili, na ili apate kuwalisha akafanya kazi ya kuuza na kununua hisa za makampuni. Kila siku aliamka alfajiri akaandika kabla ya kwenda kazini. Saa zake nyingine alizitumia katika maktaba kuu ya Paris, akisoma jiografia, fizikia na habari za wasafiri, na kuandika yote aliyoyaona kuwa ya maana katika vipande vya karatasi. Alikusanya maelfu ya vipande hivyo maishani mwake.

Katika miaka hiyo Wazungu wengi walikuwa wakiulizana swali moja: mto Nile unaanzia wapi? Mwezi wa Juni 1857 Waingereza wawili, Burton na Speke, waliondoka Kaole, kusini kidogo ya Bagamoyo, wakiongozwa na kubebewa mizigo na watu wa huku kwetu. Mmoja wao alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto, akapelekwa Bara Hindi, kisha akarudi Unguja akiwa mtu huru. Msafara huo ulitembea kwa miguu tangu Juni hadi Novemba kabla haujafika Kaze, karibu na Tabora ya leo. Homa iliwashika, punda wakafa, wapagazi wengine wakatoroka. Burton aliporudi kwao alitoa kitabu kikubwa juu ya safari hiyo mwaka 1860.

Habari za safari hizo Verne alizisoma, na alijiuliza swali ambalo hata mwanafunzi wa darasa la tano angeweza kulifikiria: ikiwa njia ya nchi kavu ina mabwawa, homa na ushuru wa kila mtemi, kwa nini mtu asipite juu?

Ili tuelewe jibu lake, hatuna budi kurudi nyuma miaka themanini. Wakulima wa Fukayosi wanapochoma takataka za shamba kabla ya masika, mmeona jinsi moshi na majivu mepesi yanavyopanda juu. Moto hupasha hewa joto. Hewa ya joto hutanuka, ikawa nyepesi kuliko hewa baridi iliyoizunguka, nayo hupanda. Mfaransa Joseph Montgolfier na ndugu yake Étienne waliikamata hewa ya namna hiyo ndani ya mfuko mkubwa wa kitambaa na karatasi. Mwezi wa Septemba 1783 mfuko wao ulipaa mbele ya mfalme wa Ufaransa ukiwa umebeba kondoo, bata na jogoo. Tarehe 21 Novemba mwaka huohuo ulibeba watu wawili juu ya mji wa Paris. Mmoja wao aliitwa Pilâtre de Rozier. Tutalikuta jina hilo tena.

Mfaransa mwingine, Jacques Charles, hakutumia hewa ya moto. Alijaza mfuko wake haidrojeni, gesi iliyo nyepesi kuliko gesi zote. Puto lake la kwanza, lisilo na mtu, lilipaa tarehe 27 Agosti 1783, likaangukia kijiji cha Gonesse. Wanakijiji walipoliona likicheua na kujigeuzageuza chini, waliogopa wakadhani ni mnyama wa ajabu, wakalichoma kwa nyuma za kuchotea majani mpaka likatulia. Likumbukeni jambo hili, maana tutalihitaji mbele kidogo.

Pengine mtasema kwamba hewa haina uzito. Basi pimeni darasa lenu. Tuseme urefu wake ni meta 8, upana meta 6, na kimo chake meta 3. Ujazo wake ni meta za ujazo 144. Kila meta moja ya ujazo ya hewa ina uzito wa kilo 1.2 hivi. Hewa iliyomo darasani ina uzito wa kilo zipatazo 170, sawa na mifuko zaidi ya mitatu ya saruji! Kama tungeweza kuitoa hewa hiyo yote na kujaza haidrojeni mahali pake, gesi hiyo ingekuwa na uzito wa kilo 12 tu. Toeni 12 katika 170. Jibu mnalolipata ndilo uzito ambao mfuko wenye ukubwa wa darasa lenu ungeweza kuuinua, pamoja na uzito wa mfuko wenyewe, kamba na kikapu. Hewa inausukuma mfuko juu kama vile maji ya bahari yanavyolisukuma juu boya la mvuvi.

Kupaa si kazi ngumu, basi. Kazi ngumu ni kwenda mahali unapotaka. Puto halina usukani wala tanga. Huchukuliwa na upepo. Lakini upepo wa juu na upepo wa chini mara nyingi huelekea pande mbalimbali, na rubani wa puto akijua kupanda na kushuka, aweza kuchagua upepo unaomfaa. Katika siku za Verne rubani alikuwa na njia mbili tu. Akitaka kupanda, alimwaga mchanga aliouchukua katika magunia. Akitaka kushuka, alifungua kizibo na kuiacha gesi itoke. Mchanga ukisha hauwezi kupanda tena, na gesi ikisha safari imekwisha. Kwa njia hiyo hakuna puto ambalo lingeweza kuvuka Afrika. Hii ndiyo shida ambayo Verne alitaka kuitatua kwa kalamu.

Kabla hatujaona alivyofanya, fanyeni jaribio hili pamoja na mwalimu wenu. Chukueni chupa tupu ya kioo. Vikeni mdomo wa chupa kwa puto dogo la mpira ambalo halijapulizwa, mkaze vizuri ili hewa isipite. Simamisheni chupa ndani ya sufuria yenye maji ya moto, si ya kuchemka, ili kioo kisipasuke. Subirini kidogo. Puto litainuka na kuvimba, ingawa hakuna aliyelipuliza. Sasa hamisheni chupa katika maji baridi. Puto litanywea. Hewa iliyomo haikuongezeka wala haikupungua. Ilitanuka kwa joto na kusinyaa kwa baridi. Gesi yoyote iliyo na joto la nyuzi 27 za Sentigredi, kama hewa ya Bagamoyo, ikipashwa hadi nyuzi 57 katika mfuko unaoweza kutanuka, ujazo wake huongezeka kwa sehemu moja ya kumi.

Verne alilitumia jambo hilihili. Katika kitabu chake, puto liitwalo Victoria lina mifuko miwili ya hariri, mmoja ndani ya mwingine, iliyojazwa haidrojeni. Mifuko hiyo haikujazwa mpaka ikakaza, kwa sababu huko juu hewa ni hafifu, na gesi iliyomo ndani hutanuka kadiri puto linavyopanda. Katika kikapu mna taa ya moto mkali, na bomba lililozungushwa kama nyoka hupitisha gesi ya puto karibu na moto huo. Dakta Fergusson, mkuu wa safari, akitaka kupanda, huongeza moto. Gesi hutanuka, mfuko huvimba, puto hupaa. Akitaka kushuka, hupunguza moto. Hakuna gesi inayopotea, na mchanga hautupwi. Ni wazo zuri sana.

Mwaka 1862 Verne alimpelekea maandishi yake mchapaji aitwaye Hetzel, na kitabu kikatoka tarehe 31 Januari 1863. Jina lake lilikuwa na maana ya majuma matano katika puto. Wasafiri wanaondoka katika kisiwa kidogo karibu na Unguja asubuhi ya tarehe 18 Aprili 1862, wanavuka bahari, na wanaingia bara karibu na Kaole. Wanaona mikoko ya pwani, kisha Uzaramo, kisha milima. Njia ambayo Burton aliitembea kwa miezi, wao wanaimaliza kwa siku chache, wakafika Kaze. Baadaye wanaliona ziwa Nyanza na mto Nile ukitoka humo. Hapa Verne alikuwa na bahati. Wakati alipokuwa akiandika mjini Paris, Speke, aliyekuwa amerudi Afrika, alikuwa akitembea kandokando ya ziwa hilo. Tarehe 28 Julai 1862 aliyaona maji yakitoka ziwani mahali panapoitwa sasa Jinja, katika Uganda. Habari zake zilifika London mwaka 1863, miezi michache baada ya kitabu cha Verne kuanza kuuzwa. Watu walikinunua kwa pupa, na wengine walidhani kwamba safari ya puto ilikuwa ya kweli.

Nahodha wa jahazi la Bagamoyo asingedanganyika. Angeuliza kwanza habari za upepo. Ili puto litoke Unguja lifike Kaole, lazima lisukumwe kuelekea kusini-magharibi. Upepo wenye kufanya hivyo ni kaskazi, unaovuma tangu Desemba hadi Machi. Mwezi wa Aprili ni wa masika, kaskazi imekufa na kusi inaanza. Verne angeondoa safari yake Januari ingekuwa salama zaidi, na puto lisingeloa mvua.

Kuna kosa jingine kubwa kuliko hilo. Verne alijitahidi sana kupata ukweli juu ya gesi na milima, lakini juu ya watu wa nchi zetu aliamini maneno ya dharau aliyoyakuta katika vitabu vya wasafiri, na mengine akayaongeza mwenyewe. Aliandika kwamba watu wa Unguja walitaka kuliharibu puto kwa kuhofia kuwa lingelidhuru jua na mwezi, na kwamba watu wa Kaole walilipiga mishale kwa hofu. Unguja wakati ule ulikuwa mji wa bandari, wenye meli za Marekani, Ufaransa, Bara Hindi na Uarabuni, na wenye wanachuoni waliojua kuhesabu miandamo ya mwezi. Tena tumeona ni watu wa wapi hasa waliolishambulia puto. Walikuwa wakulima wa Gonesse, mwendo mfupi tu kutoka Paris, na Mfaransa kama Verne hakukosa kuisikia habari hiyo. Msomaji wa leo anayekifungua kitabu hiki na akipime kwa mizani mbili.

Je, mtambo wa Dakta Fergusson ungefanya kazi? Moto wake ulipatikana kwa kutumia betri kuyatenga maji kuwa oksijeni na haidrojeni, na kuziunguza gesi hizo. Betri za wakati ule zilikuwa nzito, na nguvu zake zilikuwa kidogo mno kwa kazi kubwa kama hiyo. Aidha, haidrojeni hushika moto upesi sana. Pilâtre de Rozier, yule mtu wa kwanza kupaa, alitengeneza puto lenye sehemu mbili, haidrojeni juu na hewa ya moto chini, ili avuke bahari kutoka Ufaransa hadi Uingereza. Tarehe 15 Juni 1785 puto hilo lilianguka kutoka juu, naye akafa pamoja na mwenzake. Kuweka moto karibu na haidrojeni ni jambo la hatari, hata kama katika kitabu wasafiri wanafika salama.

Baada ya kitabu hicho Verne hakuhitaji tena kuuza hisa. Aliandika vitabu zaidi ya hamsini: cha chombo kinachosafiri chini ya bahari, cha safari ya kwenda mwezini, na kile maarufu cha kuizunguka dunia kwa siku 80. Watu wengi husema kwamba katika kitabu hicho cha mwisho wasafiri wanapanda puto. Hawapandi. Puto liliongezwa na watengenezaji wa filamu mwaka 1956.

Ajabu ni kwamba mtu huyu aliyeandika sana juu ya maputo alikuwa hajapanda hata moja. Rafiki yake mpiga picha, aitwaye Nadar, alijenga puto kubwa mno mwaka 1863. Katika safari yake ya pili lilishuka vibaya nchini Ujerumani, likaburutwa na upepo, na abiria wakaumia. Verne hakuwamo. Miaka kumi ilipita tangu kitabu chake kitoke, hata mwezi wa Septemba 1873, akiwa na umri wa miaka 45, ndipo alipoingia katika kikapu cha puto mjini Amiens, mahali alipohamia na mkewe. Rubani alikuwa Eugène Godard, mzoefu wa kazi hiyo. Waliruka kwa dakika 24, wakashuka salama. Dakika 24, kwa mtu aliyewarusha wengine majuma matano!

Alipenda bahari kuliko anga. Alinunua mashua, moja baada ya nyingine, na kwa ile ya mwisho alifika hadi pwani za Moroko na Aljeria. Huko ndiko alikoiona Afrika. Mwaka 1886 mpwa wake aliyekuwa na ugonjwa wa akili alimpiga risasi ya mguu, na tangu siku hiyo alichechemea na safari zake zikakoma. Alichaguliwa kuwa diwani wa mji wa Amiens mwaka 1888. Ugonjwa wa kisukari ulimsumbua, na macho yake yakafifia, lakini aliendelea kuandika. Alifariki tarehe 24 Machi 1905.

Asingekufa mapema angeona jambo ambalo lingemshangaza. Mwezi wa Novemba 1917, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walituma kutoka Bulgaria puto refu lenye injini, lililoitwa L 59, lilete silaha na dawa kwa majeshi yao yaliyokuwa yakipigana katika nchi yetu. Chombo hicho kilijazwa haidrojeni. Juu ya jangwa, jua la mchana liliipasha gesi joto ikatanuka, na nyingine ikatoka. Usiku baridi ilipokuja gesi iliyobaki ikasinyaa, na chombo kikaanza kushuka hata kikakaribia kugonga ardhi. Ni shida ileile ya chupa yenu ya jaribio. Kiliamriwa kwa redio kurudi kilipokuwa juu ya Sudani, na kilifika kwao tarehe 25 Novemba baada ya kukaa angani saa 95. Siku hiyohiyo jenerali wao, Lettow-Vorbeck, alikuwa akivuka mto Ruvuma kuingia Msumbiji.

Siku hizi maputo makubwa ya kubeba watu hutumia hewa ya moto, kama lile la ndugu Montgolfier, ila moto wake hutoka katika mitungi ya gesi. Watalii huyapanda alfajiri juu ya Serengeti, kabla jua halijaipasha ardhi na kuufanya upepo uwe mkali. Wataalamu wa hali ya hewa, kama wale wa kituo cha Dagoretti mjini Nairobi, hurusha maputo yasiyo na mtu yenye vyombo vidogo vya kupimia joto na unyevu. Puto la namna hiyo huzidi kuvimba kadiri linavyopanda, mpaka likapasuka. Mahali ambapo moto unaogopwa, hutumiwa gesi iitwayo heli, ambayo ni nzito kuliko haidrojeni lakini haiwaki.

Na safari ya kutoka Unguja? Mwaka 1962, miaka mia moja baada ya tarehe aliyoitaja Verne, Mwingereza Anthony Smith pamoja na wenzake wawili walilijaza haidrojeni puto walilolipa jina la Jambo. Walipaa kutoka Unguja, bahari ikawa chini yao, wakaingia bara ya Tanganyika. Hawakuwa na taa wala bomba la Dakta Fergusson. Walichukua magunia ya mchanga, na kila walipotaka kupanda walichota kwa mikono wakamwaga.

MASWALI

1. Kwa nini moshi wa shamba linaloungua hupanda juu?
2. Pimeni chumba kimoja nyumbani kwenu. Hewa iliyomo ina uzito wa kilo ngapi?
3. Rubani wa zamani alifanyaje ili apande, na alifanyaje ili ashuke? Eleza kwa nini njia hizo hazikufaa kwa safari ndefu.
4. Muulizeni mvuvi au nahodha: ni miezi gani chombo cha tanga huvuka kwa urahisi kutoka Unguja kwenda Bagamoyo, na ni miezi gani hurudi kwa urahisi?
5. Chombo L 59 kilikaribia kugonga ardhi usiku, si mchana. Kwa nini?